Kongosho limevimba na hajawahi kuonja pombe: ni lupasi au ni dawa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Tanga. Mdogo wangu ana miaka 24, na mwaka jana aligundulika kuwa na lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Anatumia prednisoloni na haidroksiklorokwini, na miezi mitano iliyopita aliongezewa azathioprini. Mwezi uliopita alishikwa na maumivu makali ya chembe cha moyo yaliyopenya hadi mgongoni, akatapika usiku kucha. Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo. Siku ya pili tukamkimbiza hospitali, wakasema kongosho limevimba. Swali la kwanza tuliloulizwa ni anakunywa pombe kiasi gani. Mama alilia, maana mtoto huyu hajawahi kuonja pombe. Altrasaundi haikuona mawe kwenye mfuko wa nyongo. Alilazwa siku tisa, na karatasi ya kutokea imeandikwa lipesi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, ilikuwa mara saba ya kiwango cha juu. Muuguzi mmoja akatuambia ni dawa za lupasi ndizo zimemchoma kongosho, na sasa shangazi anataka aache vidonge vyote. Niseme ukweli: kabla ya kuugua alikuwa amejipunguzia prednisoloni mwenyewe kwa sababu uso ulikuwa umejaa. Wiki tatu kabla ya tumbo, viungo vilianza kuuma na nywele kukatika. Je, ni dawa au ni ugonjwa? Aache? Na atapata kisukari?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Naanza na shangazi, kwa sababu hilo haliwezi kungoja: mdogo wako asiache prednisoloni. Mtu aliyemeza dawa hii kwa miezi, tezi zake ndogo zilizokaa juu ya figo huwa zimelala, kwani kazi yao inafanywa na kidonge. Ukikata ghafla, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Presha inashuka, anatapika, nguvu zinamwisha, na anaweza kufariki huku watu wakidhani ni tumbo lile lile limerudi. Haidroksiklorokwini nayo aendelee, haina kesi hapa. Kidonge kimoja tu ndicho cha kuulizia, nacho ni azathioprini. Kama hospitali walikisimamisha, kisirudishwe mpaka daktari wake wa lupasi aseme. Kama hawakukigusia kabisa, mpigieni daktari huyo kesho asubuhi, msingoje tarehe ya kliniki.

Sasa nije kwenye machozi ya mama yako. Swali la pombe ni la haki kuulizwa, maana vijiwe vya nyongo na pombe kwa pamoja ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya kongosho kuvimba ghafla, kama wagonjwa saba kati ya kumi au zaidi. Kosa ni kuliuliza mbele ya wadi nzima, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumu, na kosa kubwa zaidi ni kuishia hapo. Binti wa miaka 24 mwenye lupasi, asiyekunywa, asiye na mawe, anastahili maswali mengine kumi. Mafuta ya damu yako wapi? Kalsiamu je? Dawa gani ilianza lini? Lupasi yenyewe imetulia au imeamka? Usikubali mtu yeyote, awe jirani au mhudumu, amwekee mdogo wako alama ya ulevi kwa sababu ya jina la ugonjwa.

Neno lenyewe nalo limeshawatisha wengi. Kongosho "limevimba" si sawa na kongosho "lina uvimbe". Nimeona familia zikianza kuaga mgonjwa kwa sababu walisikia la pili, wakaelewa saratani. Kuvimba tunakokusema ni kama jipu linavyovimba na kuwaka moto, tofauti ni kwamba hapa mara nyingi hakuna mdudu wala usaha. Kongosho linajichoma kwa maji yake lenyewe.

Nifafanue hapo kidogo. Kongosho ni tezi ndefu laini, kama sentimita 15, limelala nyuma ya tumbo la chakula na mbele ya uti wa mgongo. Linatengeneza insulini, na linatengeneza vimeng'enya vya kusaga nyama, mafuta na wanga. Vimeng'enya hivi huzaliwa vimelala. Vinaamka vikishafika kwenye utumbo mdogo, ambako chakula kinavisubiri. Vikiamka mapema, vikiwa bado ndani ya tezi, nyama vinayoikuta ni kongosho lenyewe. Hans Chiari, mtaalamu wa maiti aliyekuwa akifanya kazi Prague, alilisema hilo mwaka 1896: tezi hii inajimeng'enya. Mpaka leo hatujampinga. Tunachojifunza kila siku ni idadi ya vitu vinavyoweza kuviamsha hivyo vimeng'enya, na magonjwa ya mwili mzima kama lupasi yamo katika orodha hiyo, ingawa kwa nadra.

Namkumbuka msichana mmoja niliyempokea zamu ya usiku, miaka mingi imepita. Alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, amekumbatia mto, paji la uso limegusa shuka. Kila tukimlaza chali ili tumpime, alirudi kwenye magoti. Maumivu ya kongosho yanamwinamisha mtu namna hiyo kwa sababu tezi imekaa juu ya uti wa mgongo, na akiinama mbele inapata nafasi kidogo. Mashavuni alikuwa na wekundu uliovuka pua kama mbawa za kipepeo. Bibi yake alisimama mlangoni, akaniambia: "Daktari, mnuse mdomo. Hakuna pombe hapa." Alikuwa amekwisha kuulizwa mara mbili kabla hajanifikia mimi. Yule binti alikuwa na lupasi ambayo hakuna aliyeijua, na kongosho ndilo lililotuonyesha. Tangu usiku ule, nikimkuta kijana mwenye kongosho bila sababu, naanza kwa kumtazama uso, vidole, vidonda vya mdomoni na mkojo.

Lupasi ni kinga ya mwili iliyogeuka kuushambulia mwili wenyewe. Ngozi na viungo ndivyo watu wanavyoviona, figo ndiyo tunayoiogopa zaidi. Kongosho linashambuliwa mara chache sana, takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000 kwa mwaka au pungufu, ndiyo maana mhudumu anaweza kufanya kazi muda mrefu bila kukutana na hata mmoja. Njia zake zinajulikana. Mishipa midogo ya damu inayolisha tezi inavimba kuta zake, damu haipiti vizuri, nyama ya kongosho inakosa hewa. Au damu inaganda ndani ya mishipa hiyo hiyo, hasa kwa wagonjwa wenye kingamwili zinazogandisha damu, zile ambazo kwa wanawake huleta pia mimba kuharibika mara kwa mara na miguu kuvimba kwa mabonge ya damu. Au kingamwili zinajikusanya kwenye tezi na kuita moto. Mara nyingi haya hutokea lupasi ikiwa imeamka mwilini kote, na mara nyingi katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa.

Hapa ndipo ubishi wa dawa na ugonjwa unapoingia, na si wa muuguzi wenu peke yake. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walizishuku steroidi, yaani kundi la dawa ambalo prednisoloni imo. Ukisoma orodha za dawa zinazoweza kuvimbisha kongosho, steroidi zimo. Ukampata mgonjwa wa lupasi aliyekunywa prednisoloni akapata kongosho, ni rahisi kunyooshea kidole kidonge. Lakini tazama tarehe. Kongosho la lupasi liliripotiwa mwaka 1939. Kotizoni, mama wa dawa hizi zote, ilitumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, chini ya Philip Hench. Wagonjwa wa lupasi walikuwa wanavimba kongosho miaka tisa kabla kidonge hakijazaliwa. Na madaktari walipokusanya wagonjwa walioripotiwa miaka iliyofuata, walikuta waliopewa steroidi kwa ajili ya kongosho lao walipona zaidi kuliko walionyimwa. Kwa hiyo kwa mgonjwa ambaye lupasi imeamka, prednisoloni mara nyingi inakuwa sehemu ya tiba, tena kwa kiwango cha kupandishwa, wakati mwingine kwa sindano ya mshipa. Ukimnyima kwa kuogopa kongosho, unauachia moto uendelee kuwaka.

Azathioprini ni habari nyingine, na sitaitetea kupita kiasi. Inajulikana vizuri kuvimbisha kongosho, hasa kwa wagonjwa wa ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo. Lakini tabia yake tunaijua: wengi wanapata tatizo ndani ya wiki chache za kwanza, mara nyingi mwezi wa kwanza, halafu wanapona upesi wakiiacha, na wakirudishiwa linarudi. Mdogo wako alikuwa ameimeza kama miezi minne bila shida. Haiwezi kufutwa kabisa kwenye orodha ya washukiwa, ila inashuka nafasi.

Nikikusanya uliyoniandikia, mimi naegemea lupasi. Alipunguza prednisoloni mwenyewe, wiki kadhaa baadaye viungo vikaanza kuuma na nywele kukatika, kisha kongosho. Huo ni mpangilio wa ugonjwa ulioamka baada ya kuondolewa mlinzi. Sijamwona wala sijaona faili lake, na daktari wake ndiye atakayeamua, lakini hilo la kujipunguzia dawa lazima alijue. Uliloniambia mimi kwa "niseme ukweli" mwambie na yeye kwa maneno hayo hayo. Nina hakika mdogo wako hakulisema wadini. Wasichana wengi hawalisemi. Uso ukijaa na kuwa wa duara, mashavu yakiongezeka, nguo zikibana, binti wa miaka 24 anajitazama kwenye kioo na kuanza kukata kidonge nusu. Msimgombeze. Huzuni yake ni ya kweli, na dawa nyingine za lupasi zinaongezwa kwa lengo hilo hasa, ili prednisoloni ishuke taratibu kwa mpango, pasipo ugonjwa kuamka. Akimwambia daktari kwamba uso unamkosesha raha, hiyo nayo ni taarifa ya kitabibu.

Sasa ile karatasi ya kutokea. Umeniorodheshea lipesi na altrasaundi, na hivyo ni sawa. Kwa kawaida tunasema kongosho limevimba pale mambo mawili kati ya matatu yanapotimia: maumivu ya aina yake, lipesi au amilesi kufika mara tatu ya kiwango cha juu au zaidi, na picha inayoonyesha tezi iliyovimba. Mdogo wako ana mawili ya kwanza. Lipesi ikipatikana ni bora kuliko amilesi, kwa sababu amilesi hutoka pia kwenye tezi za mate na hushuka mapema, kwa hiyo aliyechelewa siku kadhaa nyumbani anaweza kukutwa yuko sawa. Kwa mgonjwa wa lupasi kuna mtego mmoja zaidi: figo zikiwa zimeathirika, vimeng'enya hivi hupanda kidogo kwenye damu hata kongosho likiwa zima, kwani figo ndizo zinazosaidia kuvitoa. Mara saba pamoja na maumivu yale siwezi kuyasingizia figo.

Ambavyo sikuviona kwenye maelezo yako ni vipimo vitatu, na ningependa aviulizie. Cha kwanza ni trigliseridi, aina ya mafuta ya damu. Yakipita miligramu 1,000 kwa desilita, sawa na milimoli 11 hivi kwa lita, yanaweza kuvimbisha kongosho yenyewe bila msaada wa mtu. Lupasi, ugonjwa wa figo na steroidi vyote vinayapandisha. Mwaka mmoja mtu wa maabara aliniita nikaone kichupa cha damu ya mgonjwa wangu: ilikuwa imetulia, na juu yake badala ya maji ya manjano kulikuwa na tabaka jeupe, zito kama maziwa ya ng'ombe. Jibu la kongosho la mgonjwa yule lilikuwa mle kichupani kabla hatujasoma namba yoyote. Ubaya wake, mgonjwa akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta hayo hushuka, kwa hiyo kipimo cha wiki ya pili kinaweza kudanganya. Hata hivyo kifanyike, na kirudiwe akiwa amekaa nyumbani anakula kawaida.

Cha pili ni kalsiamu, ambayo ikizidi ni chanzo kinachotibika. Cha tatu ni kundi la vipimo vya kuonyesha kama lupasi imeamka, pamoja na protini kwenye mkojo na zile kingamwili za kugandisha damu. Mkojo ni rahisi, upo hata kituo cha afya, na kwa mgonjwa wa lupasi hakuna ziara inayopaswa kupita bila kupimwa mkojo.

Zile siku mbili za dawa za vidonda vya tumbo siwezi kuziruka, maana zinajirudia kila mahali. Chembe cha moyo kikiuma, tumezoea kusema vidonda. Maumivu ya vidonda yanaweza kuwa makali, lakini mara nyingi huja na kuondoka, yana historia, yanahusiana na chakula. Maumivu yanayoanza na kukaa palepale kwa saa nyingi, yanapenya mgongoni, mtu anatapika na kutapika hakumpi nafuu, hayo si ya kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Kwa anayetumia steroidi kengele ilie mapema zaidi, kwa sababu dawa hizi zinafunika dalili: homa inaweza isipande, tumbo linaweza lisikaze, na ndani utumbo umetoboka. Tena lupasi inaweza kushambulia mishipa ya utumbo wenyewe, hali inayofanana sana na hii. Na kwa mwanamke wa umri wake, kipimo cha ujauzito kifanyike kila mara tumbo linapouma hivyo, awe ameolewa au la.

Kuhusu matibabu aliyopata sina la kulaumu kutokana na ulichoandika. Tiba ya siku za kwanza ni dripu, dawa ya maumivu ya kutosha, na chakula kurudishwa mapema. Nasisitiza dawa ya maumivu, kwa kuwa bado kuna wanaoogopa kumpa mgonjwa wa kongosho mofini. Apewe. Njaa ya siku nyingi nayo imepitwa na wakati. Akiweza kula siku ya kwanza au ya pili bila kutapika, ale kidogo kidogo, inamsaidia utumbo. Antibiotiki hazitolewi kwa kinga tu, mpaka kuwe na dalili ya maambukizi. Kwenye dripu mambo yamebadilika karibuni. Zamani tulimwaga maji mengi tukiamini ndiyo yanaokoa tezi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofanyika Uhispania, Italia, Meksiko na India ukilinganisha kasi kubwa na kasi ya wastani. Ulisimamishwa ukiwa na wagonjwa 249 tu, kwa sababu waliomwagiwa kwa kasi walikuwa wakijaa maji mwilini: kama 20 kati ya 100, dhidi ya 6 kati ya 100 kwa wale wa wastani, na hawakupona haraka zaidi. Kwa mgonjwa wa lupasi ambaye figo zake zinaweza kuwa zinavuja protini, tofauti hiyo ni ya kuokoa mapafu. Siku ambayo mtatembelea hospitali nyingine kwa tatizo hili, semeni mapema kabisa kwamba ana lupasi, kabla dripu haijafunguliwa.

Utaniuliza kama lupasi iko peke yake katika tabia hii. Hapana. Selimundu nayo huleta kongosho kwa njia mbili: chembe nyekundu zinazovunjika kila siku huacha rangi inayogeuka vijiwe kwenye nyongo tangu utotoni, na chembe zenye umbo la mundu zinaweza kuziba mishipa midogo ya tezi yenyewe. Mtoto wa selimundu anayelia tumbo huambiwa ni "krisisi ya kawaida", na mara nyingi ni kweli, lakini kama ni chembe cha moyo na anatapika, lipesi ipimwe. Kwa wanaoishi na VVU, wakubwa wetu watakumbuka dawa mbili za zamani, stavudini na didanosini, zilizokuwa zikivimbisha kongosho, hasa zikitumika pamoja. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2009 stavudini iondolewe taratibu, na wanaoanza ARV leo hawakutani nazo. Kisukari kikichachamaa mpaka damu ikawa na tindikali, mafuta ya damu yanaweza kupanda vibaya na kongosho likafuata. Mishipa ya damu inayovimba kwa magonjwa mengine ya kinga, figo zilizoshindwa, matubwitubwi, dengi, malaria kali, hata minyoo mikubwa ya mviringo inayopanda na kuziba mlango wa nyongo, vyote vimo. Huko Trinidad kuna nge ambaye akimuuma mtu kongosho lake huvimba. Nakutajia haya ili wewe na mama mjue kwamba kongosho lina maadui wengi wasio na chupa mkononi.

Swali lako la kisukari ni zito, na linastahili jibu la wazi. Ndiyo, hatari ipo, ila si hukumu. Kwa watu waliovimba kongosho mara moja, tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kama 15 kati ya 100 wanakutwa na kisukari kipya ndani ya mwaka mmoja. Mdogo wako ana kitu cha ziada, kwani prednisoloni nayo inapandisha sukari. Hizi mbili zinaweza kuchanganyika, na uzuri ni kwamba ile ya prednisoloni mara nyingi inashuka dozi ikishuka. Apimwe sukari kila anapokwenda kliniki kwa miezi hii, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kifanyike kabla mwaka haujaisha. Akianza kuamka usiku kukojoa mara nyingi, kiu isiyoisha, au kupungua ghafla, asingoje tarehe. Mtazame na choo chake. Kikiwa kinaelea, kina mafuta yanayong'aa juu ya maji, harufu kali kuliko kawaida, maana yake vimeng'enya ni vichache, na vipo vya kumeza.

Je, litarudi? Linaweza, kama chanzo kitaachwa. Kama daktari ataamua kwamba ni lupasi, kinga yake ni lupasi kutulia, yaani vidonge vinavyomezwa kila siku. Kama ataamua ni azathioprini, isirudishwe tena maishani, wala ndugu yake merkaptopurini, na hilo liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada. Huenda akabadilishiwa mikofenoleti. Akibadilishiwa hiyo, ajue kabisa kwamba inaharibu mimba na inadhuru mtoto aliye tumboni, hivyo apewe njia ya uzazi wa mpango kabla ya kuanza. Naandika hivi hata kama hajaolewa, kwa sababu dawa humezwa miaka, na maisha yanasonga.

Chakula kwa wiki hizi: uji, wali laini, viazi vya kuchemsha, ndizi za kupikwa bila nazi nyingi, samaki wa kuchemsha au kuokwa, kuku asiye na ngozi, matunda. Milo midogo mara tano ni bora kuliko miwili mikubwa. Chipsi, sambusa, supu ya makongoro na vitu vya kukaanga vingoje kwanza. Baadaye, mafuta yake ya damu yakiwa sawa, atarudi kula na wenzake, sitaki aishi mezani kwake peke yake. Dawa za kienyeji za "kusafisha nyongo" na unga wa "kuongeza kinga" asiviguse. Kinga ya mgonjwa wa lupasi haihitaji kuongezewa nguvu, ndiyo inayomshambulia. Unga na mbegu za alfaalfa hasa zimejulikana kuamsha lupasi, na siku hizi naona zinauzwa kama tiba ya kila kitu.

Kwa wiki sita zijazo mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo akipata maumivu yaleyale, homa, kutapika kusikokoma, tumbo kujaa upande wa juu kama mtu aliyeshiba kwa vijiko viwili, manjano ya macho, pumzi kuwa fupi, au mkojo kupungua. Kujaa kule kunaweza kuwa mfuko wa maji unaojitengeneza kando ya kongosho, na huonekana vizuri kuanzia wiki ya nne hivi. Mingi hukauka yenyewe, lakini lazima ipigwe picha ijulikane iko wapi.

Na siku ya kliniki, nenda naye wewe, siyo shangazi. Beba karatasi ya kutokea, pakiti zote za dawa hata zilizoisha, na daftari dogo lenye tarehe tatu: siku alipoanza azathioprini, siku alipoanza kukata prednisoloni na alikata kiasi gani, na siku viungo vilipoanza kuuma. Daktari akizitazama tarehe hizo tatu kwenye ukurasa mmoja, pamoja na mkojo uliopimwa asubuhi hiyo, atakuwa na mengi ya kuamulia kuliko niliyonayo mimi.